Moshi Nyuma ya Kilima

Tumehama tena. Turubai la pickup limenyeshewa tangu tulipotoka Kiuu, na tunaposhusha vitu hapa Kimbo, harufu yake ya nta na vumbi inanirudisha Kamenu, sebuleni kwa shosho, nyanya yangu, Jumapili baada ya kanisa.

Tulikuwa tunaangalia filamu ya familia ya wazungu iliyohamia magharibi kwa mkokoteni wa ng'ombe uliofunikwa turubai. Safari ilikuwa ndefu mpaka nikasinzia. Mwishowe baba yao akaruka chini, akapigilia kijiti ardhini, na mkewe akalia kwa furaha. Sisi watoto tukapiga makofi.

Shosho, aliyekuwa akiambua maharagwe ya njahi, akaacha.

"Na itoka iko wapi?"

"Itoka ni nini, shosho?"

"Ni ua la mpaka. Hulipandi kama jirani hajasimama hapo akaona."

"Lakini hakuna jirani. Hiyo nchi ni tupu."

Akainuka polepole, akaweka kidole kwenye skrini, juu ya kilima kilichokuwa nyuma ya ile familia.

"Na huu moshi ni wa nani?"

Alirudi kwa njahi zake.

Sasa nimekaa juu ya godoro lililokunjwa, miguu inaniuma. Binti yangu ameshika nyundo na picha ya shosho, anatafuta mahali pa kuitundika. Keateka wa ploti, anayesimamia nyumba hizi za kupanga, anachungulia mlangoni.

"Karibuni sana, mama. Lakini ukutani msipige msumari."