Kikombe cha Mchaichai cha Kemuma

"Ulimi wako ungekuwa jembe, Mama Bitutu, mlima wote wa Manga ungekuwa umeshalimwa," Kemuma alisema kwa hasira, mwiko mkononi.

Mong'ina, mke wa shemeji yake, ndiye huyo Mama Bitutu. Hakuteteruka. Alikaa karibu na mafiga kama mtu aliyealikwa, akarudia neno lake: alichokiona alikiona. Wakwe wa Kebirigo walipokuja, alimwona Kemuma akiwamiminia chai yenye rangi na maziwa, kisha akajimiminia na yeye. Msabato aliyebatizwa hanywi chai. Basi alikwenda akamwambia Mzee Abner, mzee wa kanisa, na Mzee Abner akasema atapita leo kabla jua halijazama amsikie Kemuma mwenyewe. Mtu wa kushika kikombe cha chai hatakaribia Meza ya Bwana kesho.

Hiyo kesho ndiyo iliyomchoma Kemuma. Kesho waumini wangeoshana miguu kabla ya kuumega mkate, na tangu siku waliyobatizwa mtoni wote wawili, aliyemwosha Kemuma miguu alikuwa huyu huyu Mong'ina. Mumewe alipokufa, Ogari na wadogo zake wakiwa bado watoto, ni watu wa meza hiyo waliomlimia shamba. Kumtoa pale ni kumfanya mjane mara ya pili.

"Miguu yangu umeishika miaka yote hiyo," alisema, "kumbe ulikuwa unaipima kaburi."

Na kisa chote ni majani. Kemuma aliolewa Manga akitoka Mosocho, akakuta mlima mtupu wa ndizi na wimbi. Miaka ya sitini chai ikapanda mlima, kila boma likapanda. Wasabato nao wakapanda, wakachuma, wakauza, lakini kunywa wakaapa hawanywi. Wakati huo ndipo Margret, mama mmoja wa kutoka ziwani ambaye mumewe alikuwa karani mjini Kisii, alipompa Kemuma shina la mchaichai. Margret mwenyewe alikuwa amelipata kwa mke wa Mhindi mwenye duka. Kemuma akalipanda kwenye kingo za shamba. Watu wakacheka: mjane huyu anapanda nyasi katikati ya chai.

Walicheka mpaka mvua ikaja ikabeba udongo wa kila mtu, ukabaki wa Kemuma. Baada ya hapo wakaja mmoja mmoja na vikapu. Mwenye homa alijifunika blanketi juu ya chungu chake, akatoka jasho hadi ugonjwa ukaomba ruhusa ya kwenda. Samaki wa ziwani waliofika wamechoka, aliwapika na mashina yake yaliyopondwa, wakarudia ujana. Viroboto wa mbuzi walihama. Nyoka mmoja, inasemekana, alinusa ule ukingo, akageuka, akaenda kuomba shamba Kebirigo. Mong'ina mwenyewe alipojifungua Bitutu, mtoto alioshwa kwa maji ya mchaichai, akalala siku nzima bila kulia.

"Hayo yote umeyasahau," Kemuma alisema.

Mong'ina alijibu kwamba mchaichai anaujua, maji yake ni ya kijani hafifu. Kile kikombe kilikuwa chekundu kama udongo wa barabarani.

Hapo ndipo Kemuma alipokosa, na alijua. Kumpa mkwe maji yasiyo na rangi, katika boma lililozungukwa na chai, ni kumwambia una mkono wa birika. Kwa hiyo aliunguza sukari kwenye sufuria mpaka ikawa nyeusi, ndipo akatia maji, mchaichai na maziwa. Rangi ikaja yenyewe. Wakwe Wakatoliki wakanywa, wakasifu chai, naye akanyamaza.

"Keti hapo hapo uone," alisema.

Akaunguza sukari mbele yake. Moshi ukampiga Mong'ina machoni. Akakata majani, akayafunga fundo, akayatupa ndani, akamimina maziwa. Jiko zima likanukia. Akajaza kikombe cha bati akakisukuma kwa nguvu hata kikamwagika kidogo.

Mong'ina alionja. Akasema, hii ni chai.

"Umejuaje?"

"Ladha yake ninaijua."

"Umeijulia wapi, mama wa kanisa?"

Mong'ina alikiinua kikombe. Nje, kivuli cha migomba kilikuwa kimefika mlangoni. Akanywa tena, mara hii polepole. Akanywa tena. Kisha, bila kumtazama Kemuma, akanyoosha kikombe kiongezwe.

Kemuma alimwongezea, lakini mkono wake ukabaki juu ya kikombe. "Kwanza sema unakunywa nini. Ukamwambie Mzee Abner kwa mdomo ule ule uliompelekea habari."

"Niache nimalize, nitasema."

"Sema sasa."

"Mama Ogari, nimesema nita—"

Mlango ukaingia giza. Mzee Abner alisimama hapo, kofia mkononi, Biblia kwapani. "Bwairire," aliwaamkia kwa sauti ya jioni njema.

Mong'ina alikuwa na kikombe mdomoni na utando mwekundu wa maziwa juu ya mdomo. Mzee alikitazama kikombe, akamtazama aliyekishika. Mong'ina akageuza macho kwa Kemuma, macho ya mtu aliyetumbukia mtoni.

Kemuma alichukua mwiko, akaanza kukoroga sufuria, taratibu, akimsubiri aseme mwenyewe anakunywa nini.