Karani wa Dirisha la Bima

Karani wa dirisha la bima ya serikali huongea polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji, na bado kila nikitoka pale sijui nimeambiwa nini. Akitaka faili la rafu ya juu, hulishika bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto, kisha hulivuta faili kwa ncha ya rula. Leo nilikwenda na mama yangu, naye alimwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Mkono unaendeleaje?"

Mama, ambaye tangu apate kiharusi hawezi hata kuchana nywele, akajibu kama alivyolelewa. "Marahaba, mwanangu. Namshukuru Mungu, haujambo."

Karani akaandika, kisha akatueleza kwamba bima hailipii fiziotherapia kwa mtu aliyepona. Nikamwambia hajapona, hiyo ni salamu tu.

"Dada, amesema mwenyewe," akanijibu kwa huruma ya kweli, na mama akanifinya nisibishane na watu. Sikujua nimkasirikie nani. Karani akainuka kurudisha faili, rula ikamponyoka, uso ukamkunjamana.

"Pole, baba," mama akamwambia. "Bega vipi?"

"Salama tu, mama," akasema, akaiacha rula sakafuni, akamwita anayefuata.