Kutoka Khayega hadi Mumias, Kuuliza Nani Alimharibu Vitalis

Siku afisa wa urekebishaji tabia alipofika kwetu Khayega, tulikuwa watano: mimi, wadogo zangu Muhonja na Khasiala, baba mdogo Shitanda, na afisa mwenyewe. Alituambia kuwa ndugu yetu Vitalis, aliyevuka mpaka kujiunga na magaidi, amewatoroka na kujisalimisha. Mahakama ingetaka kujua, akiachiliwa, atalala wapi.

"Si hapa," akasema baba mdogo. "Dini aliyoifuata Mumias ndiyo ilimharibu. Waulizeni huko."

Tangu wazazi wafe nami niache shule darasa la saba, neno lake ndilo la mwisho kwetu. Nikaamua kwenda kuuliza kweli.

Asubuhi nilipanda boda boda hadi Kakamega mjini. Kijana aliyenibeba aliwahi kulala kibanda kimoja na Vitalis pale stejini.

"Tulikuwa tunamwita Sheikh kabla hata ajue kusali," akacheka. "Alikuwa anaogopa pombe. Na alikuwa akisemanga dada yake amemnyang'anya kitanda."

Sikumwambia dada huyo ni mimi.

Saa tano nilikuwa Mumias. Mwalimu wa madrasa, mzee Swaleh, alinisalimia kwa salamu yao, akaniletea chai.

"Nyinyi ndio mlimfundisha kuua?" nikauliza.

"Nilimfundisha kutawadha, binti yangu. Hatukufika mbali. Lakini sitakudanganya. Kuna mtu alipita hapa na mahubiri kwenye simu, sumu tupu. Darasa zima lilisikiliza kabla sijamfukuza. Akaondoka na mmoja tu."

"Kwa nini yeye?"

"Wengine jioni waliitwa kwao kula. Yeye alilala kwenye mikeka yetu. Yule mtu alimwahidi nyumba."

"Mimi pia sina kitu, na sijashika bunduki. Basi maneno hayakuwa na kazi?"

"Yalikuwa na kazi. Yalimkuta amelala chini."

Njiani kurudi, kwa mawazo, sikuona hata mashamba ya miwa. Kwetu mvulana akishatahiriwa halali tena nyumba moja na dada zake. Hujenga kibanda chake, isimba, katika boma la baba. Pale Vitalis alipostahili kujenga, baba mdogo alikuwa amepanda mikaratusi. Mila niliijua. Alipotahiriwa, blanketi lake nililitoa nje kwa mikono yangu. Miti sikuigusa. Nilishika nusu ya mila, ile nusu rahisi.

Jioni baba mdogo alinisubiri mlangoni.

"Wamekuambia nini hao?"

"Wameniambia ya kwao. Ya kwetu iko pale," nikaonyesha mikaratusi.

"Kwa hiyo miti imemfanya gaidi?"

"Miti peke yake, hapana."

Kesho yake niliazima shoka, nikaangusha minne. Baba mdogo ameshanishtaki kwa mzee wa mtaa. Afisa atarudi mwisho wa mwezi kuona kama kuna nyumba. Vitalis ana lake la kulipa kwa watu aliowaumiza, na hilo siwezi kumlipia. Mimi nadaiwa isimba, na mpaka leo nimechimba mashimo mawili tu ya nguzo.