Radi, Diski Kuukuu na Sauti ya Esnah

Saa nane mchana, Keroka. Wingu jeusi limeukalia mlima, na kila mwenye duka anachomoa nyaya zake ukutani. Cynthia Nyakerario, fundi wa simu, hachomoi. Ameikodolea macho kompyuta ya zamani inayokoroma mezani, midomo ikimcheza kwa sala.

"Cynthia, toa waya! Utatuchoma sisi wote!" anafoka jirani yake Manasseh, fundi cherehani. "Na hiyo aproni nyekundu, toa pia. Unaita radi?"

Anaivua haraka. "Sayansi naijua," ananiambia, akijaribu kucheka. "Lakini radi haijasoma."

Watu wa huku hawafanyi mzaha na radi. Mwaka jana ilipiga duka la rafiki wa Cynthia kule Masimba, na kila kilichokuwa kimechomekwa kikaungua. Kinachomfanya aiache kompyuta ikiwaka leo lazima kiwe kizito.

Ni mchezo. Usicheke, msomaji, mimi nilicheka, nikaona aibu baadaye. Boma Letu ulikuwa mchezo wa mtandaoni ambamo kila mchezaji alijenga boma lake, akalima, akatembelea majirani. Cynthia alipokuwa msimamizi wa saiba, duka la intaneti, hapa mjini, vijana walijaa hadi mlangoni. Kisha kampuni iliyoumiliki ikaufunga bila hata kwaheri ya maana.

Tangu hapo wapenzi wa mchezo huo wanahangaika kuufufua. Kiongozi wao, Gulled Abdirahman, ambaye familia yake huuza nguo mjini Kisii, anasema wameuunda upya karibu wote.

"Nyumba tumejenga," ananiambia kwa simu. "Wenye nyumba ndio hatuna. Maboma ya watu wa huku yamebaki kwa ile diski ya Cynthia tu."

Diski hiyo, iliyo ndani ya kompyuta hii, ilihifadhi nakala za maboma ili mchezo usikwame mtandao ukilegea. Saiba ilipofungwa, Cynthia alipewa kompyuta hiyo badala ya mshahara wake wa mwisho. Sasa imezeeka, na wiki hii ilianza kukataa kuwaka. Leo imekubali, naye ananakili kila kilichomo, pole pole mno. Akichomoa waya kwa kuogopa radi, betri ya akiba itadumu dakika chache tu, na kompyuta ikizimika huenda isiamke tena. Akiiacha, radi yaweza kuimaliza.

Ndani yake mna boma la Esnah, dada yake aliyefariki kwa nimonia. Wachezaji waliweza kurekodi salamu langoni, na Esnah alirekodi yake. Simu yake iliibwa hospitalini, kwa hiyo sauti yake haikubaki kwingine. Na salamu hiyo haifunguki nje ya mchezo.

"Alikuwa anasema, 'Bwakire buya, ingia, lakini usikanyage mboga zangu,'" Cynthia anasimulia, akianza na salamu ya Kigusii. "Maneno nakumbuka. Sauti ndio imeanza kunipotea. Hiyo inaniogopesha kuliko radi."

Mara radi inapasuka karibu, mabati yanatetemeka. Cynthia anapiga yowe na kuchomoa waya. Kompyuta inabaki ikitegemea betri ya akiba, ambayo haijawahi kusifiwa na mtu. Inalia pii, pii, pii. Manasseh amefika mlangoni na hagombi tena. Ninajikuta nami nikiomba.

Betri inakaribia kukata roho nakala inapokamilika. Cynthia anakaa sakafuni na kulia bila kujificha.

Ninadhani hofu imekwisha. Wapi! Gulled ameahidi kuufungua mchezo Jumapili, na Cynthia anapanga kumleta mama yao, Bosibori, kutoka Kebirigo. Mama hajaambiwa lolote.

"Ningemwambia halafu diski ikufe, ningekuwa nimemzika Esnah mara ya pili," anasema, akipangusa macho kwa kiganja. "Sasa nitamleta. Lazima asikie."

Ananigeukia kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu.

"Lakini mama akishaitwa na mtoto wake aingie, mimi nitamtoa pale langoni namna gani?"