Aliyefufuka Kitanda cha Dirishani ni Mimi

Ndugu zangu, nimekosa. Nimechoka kukaa na hili jambo kifuani, acha nilimwage hapa, mnicheke mmalize.

Mimi ni muuguzi hapa Arua, ICU, pale wanapoletwa walioangushwa na boda na waliopasuliwa wakiwa na hali mbaya. Siku hiyo nilikuwa nimekesha zamu ya usiku, na wa kunipokea asubuhi hakutokea. Kufika mchana nilikuwa nasinzia nimesimama, mkono uko kwenye dripu.

Kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu. Mama Candiru, mgonjwa wetu kutoka Manibe, alikuwa amepata nafuu, tukamhamishia wodi ya jirani asubuhi ile. Shuka mpya, imenyooshwa vizuri. Jamani, kile kitanda kiliniita!

"Drani, niangalizie kidogo tu," nikamwambia mwenzangu, aliyekuwa anahudumia mgonjwa upande wa pili.

"Mkuu akikukuta?"

"Mkuu yuko mkutanoni. Nyamaza."

Nikapanda. Jua la dirishani likanipiga usoni, nikavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Hiyo shuka, wenzangu! Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Saa ya kuona wagonjwa ikafika. Wamama wa maombi wa kanisa la Mama Candiru wakaingia, hawajui amehamishwa. Wakakuta mtu kwenye kitanda chake, amefunikwa uso. Mnajua wenyewe walielewa nini. Kilio kilichopigwa pale! Mmoja akaniangukia kifuani na uzito wake wote, wala si mdogo. Nikakurupuka, nikakaa wima, shuka ingali kichwani, nikapiga ukelele.

"Mutu amefufuka! Yesu! Mutu amefufuka!" wale wamama wakapiga kelele.

Wakatoka mbio, viatu wakaviacha mlangoni. Hakuna aliyengoja kuona uso. Na kwenye wodi ya jirani wakamkuta nani? Mama Candiru mwenyewe, amekaa, anakunywa uji!

Hapo ningesema. Lakini mkuu wetu hasamehe mtu wa kulala kazini, na kazi hii ndiyo inayomlisha mama yangu kule Ajia. Nikajiambia, Mama Candiru mwenyewe atakataa. Akatae wapi! Alipoona watu wanamgusa miguu, akafumba macho akasema, "Niliona mwanga. Iko mlango mukubwa, halafu wakaniambia rudi." Huyo huyo niliyemsukuma asubuhi kwa kiti cha magurudumu, akilalamika kwamba supu haina chumvi!

Habari ikafika Koboko kabla sijavua sare. Watu wakaja kutoka Abuku na wagonjwa wao, hawataki kitanda kingine, wanataka cha dirishani tu. Mzee mmoja Mwislamu akaja na ubani wake, anasema kitanda hakina dini. Nami kimya. Drani kila akiniona anajifunika uso kwa kofia.

Kisha akaletwa mama yangu.

Ngiri. Utumbo umekwama, tumbo limevimba kama ngoma. Daktari akasema apasuliwe sasa hivi, wakichelewa utumbo utaoza. Mama, mke wa askari wa zamani, akamjibu kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Mimi hapana taka kisu. Weka mimi kwa kitanda ya dirisha. Ile ya kufufuka."

"Mama, tafadhali..."

"Hapana! Mungu iko pale."

Niliomba, nikalia, nikapiga magoti. Anatoka jasho, anasaga meno, anatikisa kichwa tu. Uwii! Nilikuwa namwona mama yangu anakufa kwa ajili ya usingizi wangu. Nikapaza sauti mbele ya daktari, mbele ya mkuu, mbele ya wamama wa maombi ambao siku hizo hawakosi hospitali:

"Mama, hakuna aliyefufuka! Ni mimi! Nilikuwa nimelala!"

Mama akanikazia macho, pamoja na maumivu yale yote.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ulilala kwa kazi?"

"Nililala."

Akamgeukia daktari. "Pasua mimi haraka. Nataka kupona, nichape huyu mutoto."

Akapasuliwa salama. Na kitanda kilichokuwa wazi ni kipi? Cha dirishani! Mkuu hakunifukuza. Alinisimamisha mlangoni kila saa ya kuona wagonjwa, nilieleze kila kundi kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nilikuwa nimelala. Mama Candiru hanisalimii, anasema nimemharibia ushuhuda. Wenzangu wananiita Lazaro hata mbele ya madaktari.

Hayo yote niliyameza. Lakini siku iliyofuata upasuaji nimetoka mlangoni, naenda kumwona mama, nakuta kitandani mtu amefunikwa shuka mpaka kichwani. Hatikisiki. Mashine iko pale inaonyesha moyo unapiga vizuri, wala sikuitazama, mimi muuguzi! Nilianguka sakafuni nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Shuka ikashuka taratibu mpaka puani.

"Umesikia vile inauma?" mama akasema. "Basi na wale wamama walisikia vile."

Wauguzi wenzangu, najua tunachoka. Ukizidiwa, lala kwenye kiti, lala chini, lakini kitanda cha mgonjwa kiache. Na kama umeshapanda, basi acha uso wazi, na ukiamshwa sema siku ile ile. Mama yangu amerudi Ajia, amepona vizuri, na fimbo anayo.