Swali la Goreti

Jumamosi iliyopita nilinunua chungu kipya sokoni Gitega. Nilipofika nyumbani, mtaa wa Yoba, nikakijaza maji, na ile harufu ya udongo unaokunywa maji kwa mara ya kwanza ikanipanda puani. Nikakaa chini jikoni, koti bado mwilini. Nisiwafiche, nililia.

Nilikuwa na miaka kumi tuliporudi Muyinga kutoka kambini Tanzania. Kila asubuhi mama alisema, "Sasa tuko kwetu," kama mtu anayejikumbusha kumeza dawa. Huko kwetu mimi sikukujua. Kirundi changu kilikuwa cha kuokoteza, watoto shuleni wakaniita Mtanzania, na wakati wa mapumziko nilisimama ukutani peke yangu, nikijifanya nasoma daftari ambalo halikuwa na kitu.

Goreti ndiye aliyenifuata. Alikaa benchi la mwisho, peke yake, na kucha zake zilikuwa na udongo hata Jumatatu. Mama yake, Sabina, alikuwa mfinyanzi. Walikuwa Batwa, jamii ndogo ya wafinyanzi tangu zamani, na vyungu vyao vilikuwa katika kila jiko la kilima chetu. Nilikwenda kwao mara nyingi. Mama Goreti alinifundisha kuviringisha udongo na kuupandisha duara kwa duara, huku akinisimulia jinsi bibi zake walivyofinyanga vyungu vya pombe ya mtama vya nyumba ya mfalme, wakavibeba kichwani mwendo wa siku kadhaa. Chungu changu cha kwanza kilikaa upande kama mlevi. Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanichotea maji kwa kikombe chake cha bati.

Kikombe hicho hicho Goreti alikileta shuleni, nami nikanywa mbele ya watu. Kambini tulikunywa wote kwenye dumu moja. Nani angeniambia kwamba hapa Mtwa ana chombo chake, na mwingine hakigusi? Msichana mmoja wa darasa letu aliniambia, bila hata hasira, "We umekunywa kwa kikombe ya Mtwa. Basi kikombe yetu usiguse tena." Baada ya hapo nilitamani hata kuitwa Mtanzania. Hakuna aliyeniita chochote.

Muhula wa pili tukafika kwenye somo la wafalme. Mwalimu alieleza ngoma, ng'ombe, sherehe ya kupanda mtama, na vyungu vikubwa vya pombe. Goreti, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, akaunyoosha.

"Mwalimu, hizo vyungu, ni nani alikuwa anazifinyanga?"

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Aligeuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. "Kuna anayejua?"

Nilijua. Goreti naye alijua, bila shaka. Alitaka mtu mwingine aseme. Akanigeukia, mkono bado uko juu. Lakini yule msichana wa kikombe naye alikuwa ananiangalia, na wiki ile ile alikuwa ameanza kunisogezea nafasi kwenye benchi lake. Nikainamia daftari langu.

"Basi, hiyo haiko mu kitabu," mwalimu akasema. "Haitakuja kwenye mtihani. Tuendelee."

Goreti hakurudi shule baada ya likizo. Nilipokwenda kwao nilikuta nyumba imefungwa, na majirani hawakujua walikoelekea, wala hawakuonekana kujali. Nafasi kwenye benchi niliipata. Nilikaa hapo miaka miwili, mpweke kuliko nilivyokuwa ukutani.

Siku hizi nafundisha historia hapa Gitega. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba kitabu kile hakikuwa na Goreti, na mimi pia hakikuwa nami. Kambi hazikuwemo, wala sisi tuliokulia huko. Tulikuwa wawili nje ya kitabu kimoja, nami nikamwacha mwenzangu peke yake.

Jumatatu nilikiweka kile chungu mezani darasani, nikawasimulia wanafunzi habari za vyungu vya mfalme, nikaandika ubaoni: Sabina, mfinyanzi, Muyinga.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo itakuja kwenye mtihani?"

"Haitakuja," nikasema. "Andikeni."

Wakaandika, nami nikageukia ubao wasinione uso. Jibu nilikuwa nalo tangu nina miaka kumi, na aliyeuliza sijui yuko wapi.