Mbao Zilizokula Moshi

Jumatatu kaka yangu alipiga simu kutoka Nairobi akatoa amri: jiko la nje la kukhu, marehemu nyanya yetu, libomolewe Jumamosi. Binti yake, aliyesomea useremala kule Sigalagala, angekuja na vijana wawili kuliangusha. "Si nilikununulia gesi? Hilo banda lina kazi gani?" Ningemwambiaje kwamba kila asubuhi nawasha kuni mle ndani, bila sufuria juu, ili kufukiza mbao za mtu aliyekufa?

Kaa nikueleze, wewe angalau una muda.

Nilipokuwa mtoto hapa karibu na Malinya, paa la jiko hilo lilikuwa stoo ya fundi jirani. Akikata mti wa mukumari kwenye mpaka wa shamba lake, hakugusa msumeno tena mpaka apande miche mingine, nasi watoto tukabebeshwa maji ya kuinyweshea. Mbao alizileta kwa kukhu, akazipanga kwenye boriti, juu kabisa ya mafiga. Hapo zilikaa msimu baada ya msimu zikila moshi, mpaka wadudu wazikatie tamaa. "Ubao mbichi ni mwongo," alikuwa akisema. "Leo umenyooka, kesho unakugeuzia mgongo." Kukhu hakumuuliza atazitoa lini. Aliziita wageni wasiokula.

Kwa hiyo tulikula obusuma, ugali wetu, kwa mboga ya murere chini ya viti ambavyo havijazaliwa. Mvua ikipiga mabati, zile mbao zilitoa harufu tamu, kama asali iliyoungua kidogo. Wenzangu walifuatana na kukhu msituni kuokota kuni, zile kavu zilizoanguka zenyewe tu. Aliyekwanyua tawi bichi alirudishwa nyumbani akilia. Mimi mguu ulikuwa unaniuma kila siku ya msitu. Nilibaki kuchochea moto, na kukhu akanipa cheo: "Huyu ni mke wa mafiga." Nadhani ilishika, maana mpaka leo sijapata mume mwingine.

Fundi alikufa. Kukhu akamfuata. Ndugu zangu wakatawanyika, kila mmoja na mji wake. Mbao zikabaki juu, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache, niliendelea kuzitilia moshi.

Jumamosi binti alifika kweli, nyundo begani. Akapanda kwenye boriti, akashusha ubao mweusi kwa masizi, akaukwangua kwa kisu. Ndani ulikuwa wa kahawia, unang'aa. Akanigeukia mimi shangazi yake.

"Senje, hizi ni za nani?"

"Za fundi jirani. Amezikwa pale ng'ambo ya mpaka."

"Na wewe umekuwa ukizipikia moshi tu? Miaka yote?"

"Wengine hufuganga kuku."

Alicheka mpaka nikaogopa ataanguka. Akasema huko mjini wanauziwa mbao zikiwa bado zinatoa maji, kiti kinapasuka kabla harusi haijaisha. Kisha akaniangalia vizuri, kama anayepima.

"Jiko litaanguka tu, senje. Baba namjua. Lakini mbao hizi hakuna mtu atazichoma. Nikutengenezee nini?"

"Kiti."

"Kimoja?"

"Vinne," nikasema, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajabishiwa hodi tangu Krismasi.

Saa tisa jiko lilikuwa chini. Mafiga yaliachwa yamekaa juani, yana aibu kama watu waliovuliwa nguo. Nilisaidia kubeba mbao hadi barabarani, na safari hii mguu haukuniuma.

Msitu bado uko. Alfajiri hondohondo hupiga kelele zao kule, utadhani wanagombania shamba. Watu husema miti ndiyo inayoisha, na labda ni kweli. Mimi ninayemkosa ni yule mtu wa kukata mti mmoja leo na kutulia, kwa sababu anajua jirani yake atakuwa na moto mwakani.

Jumapili nikachemsha chai kwenye gesi. Ilikuwa tayari upesi mno, kabla sijamaliza kumkumbuka mtu hata mmoja.